Mgombea Wangu Kaenguliwa Kijiweni

Masikio bado yananiwaka. Jana, kwenye kijiwe cha kahawa hapa Simbo, nilimsimamisha mwanamuziki Diamond Platnumz agombee urais wa 2025, kwa kufikirika tu, maana uchaguzi wenyewe umeshapita. Nikapanda juu ya dumu la mawese, nikamnadi mpaka koo likakauka. Akaja kuenguliwa na mtoto wa kidato cha pili aliyetumwa kashata.

"Shikamoo mjomba. Diamond kazaliwa lini?"

"Oktoba 1989," nikajibu kwa mbwembwe.

"Ibara ya 39 ya Katiba inataka miaka 40."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na kambi ya mwanamuziki mwenzake Ali Kiba ndiyo iliyocheka zaidi, hadi dogo alipowageukia: wa kwao ni wa Novemba 1986, naye 2025 alikuwa hajafika. Ila wao walikuwa wamekaa mkekani. Mimi nilikuwa juu ya dumu.

Usiku nikafungua Katiba na sheria ya uchaguzi kwenye simu, usingizi ukapaa. Kumbe umri ni mlango wa kwanza tu! Mgombea anatakiwa wadhamini 200 waliojiandikisha kupiga kura, katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, na angalau miwili kati yake iwe ya Zanzibar. Hao Diamond angewapata kabla hajamaliza kupima maiki. Lakini sharti adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika, pale Arusha, ilisema mwaka 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Uchaguzi wa 2025 ukapita, mgombea binafsi hayumo.

Nikafika ibara ya 41, kicheko kikanikauka. Tume ikishamtangaza rais, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbunge unamshitaki, diwani unamshitaki. Huyu mwenye jeshi na hazina, unameza mate. Mimi kijiweni nikibisha, walau muuza kahawa ananisikiliza.

Doa la mawese kwenye suruali halijatoka, na nyumbani sijaulizwa mara moja.

Leo asubuhi nimeitwa "Meneja Kampeni" na kulipishwa kahawa ya wote. Nikajitetea: mbona mwanamuziki Bobi Wine alipambana na Rais Museveni Januari 2021 akiwa na miaka 38?

Dogo, mdomo umejaa kashata: "Basi mjomba, mpeleke Diamond akagombee Uganda."