Bawabu Asiyesinzia
Tangu mwaka 2005, kiini cha Linux kilipojaaliwa inotify, yaani bawabu wa kunadi habari za kila faili liguswalo, waandishi wa programu wamestarehe: mtu huhifadhi faili lake, na amri za kujenga na kujaribu zikakimbia zenyewe. Ni neema kubwa, walakini bawabu huyu hakujaaliwa akili ya kupambanua. Ongeza nafasi moja tupu katika maelezo, na majaribio yote huamshwa, feni ya kompyuta ikavuma. Ama ukimwachia alinde hata folda yanamotupwa mazao ya amri yenyewe, basi amri huandika, bawabu hunadi, amri huandika tena, na bwana mkubwa, aliyekwenda kunywa kahawa akiusifu wakati aliouokoa, hurejea akakuta kazi imefanywa mara zisizo idadi, kwa ustadi uleule, pasina herufi moja kubadilika.