Kasha Lisilobeba Kitu

Wanaolisema vibaya kasha la sabufa mjini Bunia ni wengi, na hakuna hata mmoja wao anayesema uongo. Mama anayetoka Tchomia na samaki wake anakuta buti la teksi limekwisha kukaliwa na sanduku kubwa lililovishwa zulia jeusi. Ndoo zake inabidi zipakatwe na abiria. Gurudumu la akiba limehamia nyumbani kwa dereva, ambako halitamfaa mtu mengine yakipasuka njia ya Komanda. Kibao cha namba kinaimba peke yake. Vioo vinatetemeka, mtoto mchanga anashtuka, mchungaji anakatiza mahubiri akingoja gari limalize kupita bulvadi ya Libération, na gari lenyewe halina haraka. Mashtaka yote hayo nayakubali. Ninachotetea ni heshima ya mshtakiwa, kwani katika mkoa huu wa Ituri sijaona sanduku lenye adabu kulishinda.

Tuanze na kazi yake, maana wengi hudhani sauti yote ni ya spika na kasha ni vazi tu. Chukua sabufa ya inchi 12, iweke mezani uchi, iwashie rumba: utasikia kikohozi. Koni ikisukuma hewa ya mbele, papo hapo inaipunguza ya nyuma. Hewa iliyobanwa inazunguka ukingo kwenda kujaza pengo, na sauti mbili zilizozaliwa pamoja zinauana kabla ya kufika mlangoni. Sauti nyembamba husalimika kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, kinyume chake, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita nane na ushei, karibu teksi mbili zikipangwa mkia kwa pua. Wimbi la ukubwa huo halioni shida kuzunguka sahani ya inchi 12. Hapo ndipo kasha linapoingia. Linaikamata nusu ya nyuma, linaizuia isiifikie nusu ya mbele, na muziki unaishi. Linaamua ugomvi mara 41 kwa sekunde, bila kikao cha maridhiano, bila semina, bila posho za wajumbe.

Ukoo wake una matawi mawili. Tawi la kwanza limefungwa pande zote. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungiwa inaweza yenyewe kuwa springi ya spika, na tangu hapo mwenye kutaka besi nzito hakulazimika tena kujenga kabati la nguo. Tawi la pili lina tundu. Albert Thuras wa Bell Labs alipewa hataza yake mwaka 1932, na mwenendo wake utauelewa ukipuliza mdomo wa chupa tupu ya Primus: hewa ya shingoni inacheza juu ya hewa ya tumboni, na chupa inaguna kwa noti moja tu, ileile daima. Mjerumani Helmholtz aliupigia hesabu mguno huo karne ya 19. Fundi wetu anaukamilisha kwa kipande cha bomba la PVC, lile lile la choo. Lita 60 za hewa, bomba la kipenyo cha sentimita 10 na urefu wa 25 hivi, na kasha linaguna karibu na 35 Hz, yaani mitetemo 35 kwa sekunde. Ukilikata bomba nusu, mguno unapanda hadi 44. Naomba mnionyeshe mjini hapa kitu kingine kilichozaliwa kwa ajili ya maji machafu kikapanda cheo hadi kuwa koo la mwimbaji.

Adabu niliyoitaja inaonekana zaidi vizuizini. Barabara za kutoka Bunia zina vizuizi, na kila kizuizi kina swali.

“Papa, fungua nyuma. Hii sanduku iko na nini ndani?”

“Iko na hewa, shefu.”

“Hewa tu?”

“Hewa tu. Lita sitini.”

Askari anabisha hodi ubavuni kwa kidole, anasikiliza, anatazama angani kidogo. Dhahabu ya Mongbwalu husafiri imefichwa, mbao husafiri zimetandazwa, kakao na kahawa husafiri katika magunia, na kila kimoja kina ada yake iliyoandikwa na isiyoandikwa. Lakini kasha la sabufa hukosa thamani likitiwa kitu. Ficha kifurushi ndani, umeiba lita. Ukiiba lita, mguno unapanda, besi inakauka, na mwenye sikio barabarani anajua gari hilo lina siri. Ni chombo pekee katika soko letu kinachonunuliwa kwa ajili ya utupu wake na kinachomchongea mmiliki akijaribu kuujaza. Kodi ya hewa bado haijatungwa, na nawasihi wasomaji wenye vyeo wasichukue sentensi hii kama pendekezo.

Tena halihongeki. Kuna sheria ambayo watu wa kazi hii huiita ya chuma, iliyoachwa na Josef Hofmann, yule mwenye herufi H katika jina la kampuni ya KLH. Inasema mambo matatu hayakai pamoja: kasha dogo, besi ya chini kabisa, na sauti kubwa kwa umeme mdogo. Chagua mawili, la tatu liage. Mteja anafika karakana akitaka kasha la ukubwa wa kreti la bia, lishuke hadi 30 Hz, na lisikike Mudzi-Pela gari likiwa Nyakasanza. Fundi anamwambia, “Papa, chagua mawili.” Mteja anaongeza pesa. Fundi anazitazama kwa huzuni ya kweli, kwa sababu angezipenda, ila fizikia haili maharage ya watoto. Mwaustralia Neville Thiele aliziweka hesabu za makasha yenye tundu katika mpangilio mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, na leo programu ya simu inazipiga kwa kufumba na kufumbua. Hakuna kati yao aliyeacha kifungu cha “isipokuwa kwa kibali maalumu”.

Kuhusu mbao, unyenyekevu wake unashangaza. Ituri ni nchi ya miti. Malori ya libuyu na mvule yanatoka Mambasa yakielekea Uganda na Kenya. Katikati ya utajiri huo, kasha linaomba nini? Vumbi. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa kuwa ubao, na unene wa milimita 18 unatosha. Mbao nzima ya mti wa heshima hunywea wakati wa kiangazi, Desemba hadi Februari, kisha ikatanuka mvua zikirudi. Viungo vinaachana, hewa inapiga mluzi. Vumbi halina majivuno hayo. Lina adui mmoja, maji, na buti linalovuja hulifanya livimbe na kumeguka pembeni, ndiyo maana wenye busara zaidi ya pesa hutumia tripleksi nzito na kukaza ubao wa msalaba ndani. Vumbi linalobaki chini ya msumeno halitupwi pia: linakandwa na gundi na kuziba mishono. Kisha ukaguzi. Simu yenye taa inatumbukizwa ndani, tundu la spika linafunikwa, chumba kinatiwa giza, na popote unapochomoza uzi wa mwanga, gundi inarudi. (Njia hii naipendekeza pia kwa hazina za umma.)

Wanasema linakula umeme. Linasingiziwa: mlaji ni ampli. Ampli ya wati 500 ikifanya kazi kwa dhati humeza ampea 50 na zaidi, na kila pigo la ngoma linazifanya taa za mbele zikonyeze. Kuongeza wati ni maradhi ya wamiliki, kwani ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli tatu tu, na sikio linahitaji kama kumi ili likiri kwamba sauti imekuwa maradufu. Kasha lililokatwa vizuri lingewaponya kwa bei ya mbao na gundi. Hawalisikilizi, japo wote mtaani wanalisikia.

Sasa tuje kwenye kosa lake kubwa, kishindo. Watu wa Bunia hawahitaji kufundishwa maana ya kishindo. Mwaka 2003 mji huu ulipiganiwa mtaa kwa mtaa, hadi Ulaya ikaleta askari wa Operesheni Artemis mwezi Juni. Mei 2021 mkoa mzima ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Aliyekulia hapa akisikia “du” usiku hakimbilii hitimisho. Anangoja “du” la pili. Likija kwa wakati wake, na la tatu, na la nne, anavuta blanketi, kwa sababu silaha haijui kuhesabu hadi nne. Jirani anayelalamika kwamba sabufa imemnyima usingizi hajazingatia habari aliyoletewa bure hadi kitandani: usiku huu, mahali fulani karibu, kuna mtu anaoa.

Na wanaodai kwamba besi ni tabia ya kuiga waulize huko msituni Epulu. Okapi, mnyama ambaye mkoa huu unamjivunia, humwita mwanawe kwa sauti nzito mno, chini ya 20 Hz, ambapo sikio la binadamu limeshafunga duka. Tembo wa msitu uleule hufanya hivyo hivyo. Hawana ampli, hawana betri, na sijasikia mtu akiwapelekea wito wa polisi.

Limebaki jambo la vipimo, ambalo mafundi hawalitangazi. Bunia iko kama mita 1,275 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni pungufu ya ule wa pwani kwa karibu moja ya saba. Kwa kuwa kasha lililofungwa ni springi ya hewa, springi yetu ni laini zaidi, na ili ikaze sawa na ile ya kwenye karatasi ya kiwanda, kasha linapaswa kuwa dogo zaidi kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo, ndugu, fundi akikuandikia lita 35 kama zilivyo kwenye karatasi, mwambie kwa heshima kwamba wewe ni mtu wa mlimani na akate 30. Mbao zitakazobaki ni zako. Akikujibu kwamba tofauti hiyo hakuna sikio litakaloigundua ndani ya teksi yenye abiria saba na kioo kilichopasuka, atakuwa amesema kweli, nawe utakuwa umepata pa kuanzia kuomba apunguze bei.