Namna ya Kumsaidia Bibi Asiyeona Mpaka Alazwe

Umefika Kwashemshi likizo, umemkuta bibi haoni tena, na huruma imekujaa. Anza na usafi. Kikapuni utakuta chupa ya dawa ya presha, ya kumeza mara moja kwa siku, imefungwa uzi wa mkonge wenye fundo moja. Ile ya kisukari, ya mara mbili, uzi wake una mafundo mawili. Takataka hizo, kata. Usimuulize mwenyewe. Atajua nini kuhusu dawa anazomeza kila siku? Kisha vimimine vidonge vyote kwenye kopo moja lenye mfuniko mzuri.

Duka la dawa watakupa bahasha za karatasi zilizoandikwa "1x2". Pokea, uondoke, kumwomba muuzaji akueleze taratibu, bibi naye akisikia, ni kupoteza muda. Ulaya, sheria ya mwaka 2004 inataka jina la dawa liwekwe kwa nukta za Breli kwenye boksi. Kwetu vidonge huhesabiwa kutoka kopo kubwa na kopo hubaki kwa muuzaji, kwa hiyo hata nukta zingekuwepo, zingemfaa yeye mwenye macho. Kama bibi alisoma Breli shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, angeweza kutoboa lebo zake mwenyewe. Ndiyo maana usimpelekee karatasi ngumu.

Malaria ikiingia, mseto wa mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, ila dozi ya pili hufuata masaa 8 baada ya ya kwanza. Anywe akiwa amekula. Wewe mwachishe homa ikishuka, na vilivyobaki tia kwenye lile kopo.

Matone ya presha ya macho ndiyo yenye raha. Waganga husema tone moja, bonyeza kona ya jicho upande wa pua, subiri dakika 5 kabla ya dawa nyingine. Mimina tu. Wala usikague kichupa, ingawa gundi kali nayo huuzwa kwenye kichupa kinachofanana nacho.

Zahanati jibu maswali yote wewe, na ukimgeukia bibi piga kelele. Macho yakifa, masikio huenda nayo.

Siku ya kuondoka, pandisha kopo juu ya kabati bila kumwambia. Na muuguzi akikupigia simu usiku kuuliza bibi amemeza dawa gani, usisite: ile nyeupe, ya duara.