Saluni ya Uvunguni

Watoto wa jirani waliizoea miguu yangu hadi wakawa wanaiamkia. "Shikamoo miguu ya Baba Neema!" Nayo miguu, kwa niaba ya mwili wote uliokuwa uvunguni mwa gari, inatikisika kuitikia marahaba. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo. Wahenga walituambia mtaka cha uvunguni sharti ainame, ila hawakufafanua ainame kwa wiki ngapi, na kuhusu sisimizi walinyamaza kabisa.

Gari lenyewe ni Toyota MR-S. Viti viwili, paa la turubai, injini nyuma ya mgongo wa dereva. Mimi nina watoto watatu. Siku lilipoingia getini mke wangu alilizunguka mara moja, akapiga hesabu: "Baba Neema, tuko watano, viti viwili. Watatu tunakimbia nyuma au tunawahi kwa daladala?" Nikamwambia injini yake ni 1ZZ, ileile iliyomo kwenye Allion na Wish za nusu ya jiji, kwa hiyo spea zimejaa tele Gerezani. Hilo la spea lilikuwa kweli. Mengine niliyosema siku ile tuyaache.

Nguvu za farasi 140, uzito wa tani moja hivi: kwa mtu aliyetulia hiyo ingetosha. Shida ni kwamba nilikuwa nimeanza kusoma habari za upepo.

Chungulia chini ya gari lolote la kawaida utaona vurugu tupu. Bomba la ekzosi, vyuma vya kushikia magurudumu, mashimo, vishikizo, boliti zilizochomoza. Upepo unaopita humo ni kama mtu anayekatiza Kariakoo siku mbili kabla ya sikukuu, kila hatua bega la mtu. Sasa ukiifunika vurugu hiyo kwa sahani bapa, upepo unapita mbio bila kugongana na chochote, na hewa inayokwenda mbio husukuma kidogo kuliko iliyotulia. Hewa ya juu inabaki na nguvu kuliko ya chini, gari linakandamizwa barabarani. Ni mchezo uleule unaoezua nyumba wakati wa dhoruba: upepo unakimbia juu ya bati, msukumo wa juu unapungua, hewa iliyotulia sebuleni inalisindikiza bati hadi kwa jirani. Kwenye gari unaugeuza tu, unaezeka chini. Daniel Bernoulli alichapisha kitabu chake kuhusu mwendo wa vimiminika mwaka 1738, na sidhani kama aliwahi kufikiria kwamba kingemgombanisha mtu na mkewe Tabata.

Haya yote nilimhubiria fundi wangu, ambaye gereji yake ni mwarobaini mmoja na shimo. Nikamweleza jinsi Lotus walivyoingia Formula 1 mwaka 1977 na gari lao namba 78, tumbo lake limechongwa kuvuta hewa, na jinsi Mario Andretti alivyotwaa ubingwa wa dunia mwaka uliofuata. Akawa anasafisha plagi. Nilipofika kwa Brabham akaweka plagi chini. Hao mwaka 1978 walifunga feni kubwa nyuma ya gari, inanyonya hewa yote ya uvunguni. Niki Lauda akashinda nalo Anderstorp, kule Uswidi, kisha gari likaondolewa, halikushindana tena.

"Walikamatwa?"

"Wenyewe walisema feni ni ya kupoza injini."

Fundi akacheka hadi akakaa. "Kama wewe ulivyomwambia shemeji kwamba hizo sahani ni za kuzuia mawe."

Wanaojiweza hutumia kaboni faiba. Niliulizia bei, nikashukuru, nikaondoka taratibu kama mtu aliyeingia msiba usio wake. Mkombozi wangu akawa alukobondi, hiyo inayovishwa maghorofa na kuandikwa mabango ya maduka: ngozi mbili nyembamba za alumini, katikati plastiki. Nyepesi, haipindi ovyo, na hata huko Ulaya na Marekani washindani wa pesa za mfukoni huitumia uvunguni. Fundi wa mabango aliyeko njia ya sokoni alikuwa na kipande kikubwa ambacho mteja alikiagiza, akalipa kianzio, akahama mji. Upande mmoja kijivu safi. Upande wa pili, kwa waridi na dhahabu: SALUNI YA KIKE. TUNASUKA. TUNAOSHA. KUCHA NA KOPE. KARIBUNI WOTE.

"Elfu arobaini," akasema. "Na maandishi yote bure."

Mpango ulikuwa rahisi. Maandishi yatatazama juu, yafichwe kati ya bango na gari milele na milele. Kijivu kitatazama barabara.

Nikachukua boksi la friji, nikajilaza chali, nikachora kiolezo. Nilichora vizuri sana, na hili nalisema bila haya, maana ndicho kitu pekee kilichokwenda vizuri. Kila tundu la boliti, nafasi ya ekzosi, mlango mdogo wa kufikia nati ya kumwagia oili. Nikatoka uvunguni, nikakilaza kiolezo juu ya bango upande wa kijivu, nikakata kwa msumeno mchana kutwa. Jioni nikalala chali tena kujaribisha. Mlango wa oili ulikuwa umeangukia mahali pasipo na oili wala nati. Nafasi ya ekzosi ilikuwa inaisubiri ekzosi upande wa pili wa gari.

Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Kiolezo kilichochorwa ukiwa chini unatazama juu, ukikilaza mezani kifudifudi, kulia kwake kunakuwa kushoto. Fundi cherehani yeyote wa barazani angeniambia bila malipo: usipoweka alama ya upande wa nje utashona shati la mikono miwili ya kushoto. Mimi niliyeweza kueleza upepo wa Anderstorp sikuweza kugeuza boksi.

Dawa ilikuwa moja tu, kulipindua bango. Likapinduliwa, likaingia kila mahali sawasawa kama mfuniko wa sufuria yake. Na saluni ikawa inatazama chini.

"Nani atalala barabarani asome?" nikajiuliza kwa sauti. Maswali ya namna hii yasiulizwe kwa sauti.

Vipande vilikuwa vinne, boliti 34, zote za spana namba kumi. Nilianza kufunga nyuma kwa sababu nyuma ni rahisi, nikaenda nikisogea mbele, kila kipande nikichomeka ukingo wake juu ya kile kilichotangulia kufungwa. Jirani yangu ni fundi wa kuezeka. Alipita kuomba pampu ya baiskeli, akainama, akaangalia kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Jirani, umeezeka kinyume."

"Kivipi?"

"Paa, bati la juu hulalia la chini, maji yapite. Hapa upepo unatoka mbele, kwa hiyo ukingo wa bati la mbele ndio ukae nje. Wewe kila maungio umeyaachia mdomo wazi. Upepo utaingia kama mgeni aliyekaribishwa."

Hakusoma Bernoulli. Amesoma mabati. Nikafungua, nikarekebisha maungio ya kwanza, nikarekebisha ya pili, na kabla sijafika ya tatu spana namba kumi ikapotea. Kila anayeshika spana anajua kwamba namba kumi haipotei kama vitu vingine, inahama. Nilipekua nyasi, mifuko, boksi la friji, nikamshtaki mtoto wa kati ambaye siku hiyo alikuwa kwa bibi yake. Jua likazama. Nikaamua kwamba maungio mawili kati ya matatu ni asilimia ya kutosha kwa mtu anayeanza.

Nilipowasha injini ikatoka harufu. Mke wangu akauliza dirishani nani anachoma ndala. Ile plastiki ya katikati ya alukobondi haipatani na bomba la moto, jambo ambalo ukilifikiria kidogo ni dhahiri, na mimi nililifikiria baada ya moshi. Nikakata nafasi pana zaidi pale penye ekzosi, nikafungulia dirisha la jikoni harufu itoke, nikanunua kuku wa kuomba msamaha.

Jumapili alfajiri nikatoka kwenda kulijaribu Barabara ya Morogoro. Sikufika mbali. Mtaani kwetu kuna tuta lililojengwa na wananchi wenyewe, kwa hasira, baada ya bodaboda kugonga mbuzi. Magari mengine hulipanda. Langu lilipanda nusu, likakaa tumbo juu ya tuta, magurudumu ya nyuma yanapiga mchanga. Vijana waliotoka mkesha wakaja kusukuma. Wakaja na watoto, wale wa shikamoo miguu, na hao kulala barabarani kwao ni starehe.

"Tu-na-su-ka!" mmoja akasoma kwa silabi, shavu likiwa kwenye mchanga.

"Tu-na-o-sha!" akadakia mwenzake.

"Ku-cha na ko-pe!"

Mama mmoja aliyekuwa anaenda kanisani akasimama. Aliniangalia mimi, akaliangalia gari, akauliza kwa upole kabisa: "Kope ni shilingi ngapi?"

Waliponinasua kwenye tuta nikatokea Kimara, nikashika barabara kubwa. Na hapo nikakutana na hesabu ambayo sikuwa nimeifanya. Nguvu ya upepo huenda kwa mraba wa mwendo. Ukienda kilomita 150 kwa saa unapata kiasi fulani. Ukienda 50 hupati theluthi yake, unapata moja ya tisa. Na mimi nilikuwa nimejenga chombo cha 150 nikakileta kwenye barabara ambayo kila penye nyumba tatu na duka la vocha pana kibao cha 50, na nyuma ya kibao pana mti, na nyuma ya mti pana tochi. Lauda hakuwahi kupita Kibaha.

Hata hivyo, naapa, gari lilitulia. Kwenye kona lilikaa kama limegandishwa. Nilikuwa na uhakika kabisa kwamba ninaihisi hewa ikilikandamiza, pamoja na mlio mdogo nyuma ya kiti, kitu kama kayamba, ambao niliamua ni sauti ya hewa ikifanya kazi.

Baada ya Mlandizi nyumba zikapungua, vibao vikaisha, nikaiacha sindano ifike tisini. Maungio ya tatu, yale ya mdomo wazi, yakapata mgeni wao. Kwanza mvumo. Kisha kishindo kama debe limetupwa ghorofani, cheche kwenye kioo cha nyuma, kisha ukimya mzuri sana. Mbele kidogo afande akanyoosha mkono.

"Habari ya safari?"

"Nzuri, afande."

"Tochi haina neno na wewe. Ila bango lako limedondoka kule nyuma."

"Si bango, afande. Ni sahani ya kuongozea upepo."

Akawaza kidogo. Alikuwa mtu mzima, mstaarabu, hakutaka kunivunjia heshima.

"Lilivyoruka niliona limeandikwa tunasuka."

"Ndiyo, afande."

"Rudi ukalichukue, litaumiza watu wa bodaboda."

Niligeuza. Haikupita robo saa, lakini barabarani palikuwa na mikwaruzo tu na boliti mbili. Kipande cha alukobondi kilicholala barabarani Pwani hakikai, na sina lawama. Hata mimi ningekichukua.

Fundi alikishusha kilichobaki siku ya pili yake, gari likiwa juu ya shimo. Alipolegeza boliti za mwisho ukamwagika mchanga. Haukuwa mchanga wa kupangusa. Ulijaa nusu ndoo, pamoja na majani ya mwembe, kisoda, na kokoto za kila barabara niliyopita tangu kutoka nyumbani. Hewa haikuwa imelikandamiza gari hata kidogo. Lilikuwa limebeba kiwanja. Cha mwisho kuanguka, kikapiga ukingo wa shimo kikalia kengele, kilikuwa spana namba kumi.

Fundi akaiokota, akaipangusa, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Kayamba yako, bosi."

Miezi miwili baadaye nilipita Mlandizi kwa basi, kwenda harusini Chalinze na familia nzima, wote watano tumekaa. Kando ya barabara palikuwa na kibanda kipya cha mbao, na mlangoni, limepigiliwa misumari sawasawa, lilikuwepo bango langu. TUNASUKA. TUNAOSHA. Ule mlango mdogo wa oili niliouchora nikiwa chali ulikuwa umepitishwa waya wa umeme, na taa ilikuwa inawaka. Mke wangu aliliona kabla yangu. Hakusema kitu; alinifinya tu.

Wakati wa kurudi basi lilisimama palepale kushusha abiria, nikateremka mbio. Ndani walikuwa wanawake watatu kwenye foleni na mwenye saluni na kitana mdomoni.

"Samahani dada, hilo bango unaweza kuniuzia?"

Akakitoa kitana mdomoni. Akanitazama usoni, halafu juu kidogo ya uso, pale ambapo nywele zangu zilinihama tangu mwaka 2014.

"Kaka," akasema, "kaa foleni kama wenzako, lakini sioni tutasuka wapi."