Sifa za Wino wa Kura

Waungwana wameshaisifu karafuu, wameshausifu udi, na wapo waliomsifu hata punda. Wino wa kura haujapata msifu. Unakaa kwenye kichupa kidogo kama cha uturi, haunukii, na mtu akishapakwa, jambo la kwanza analowaza ni namna ya kuuondoa. Leo nauvalia kanzu na kofia, nasimama kuusifu.

Kwanza nasaba, maana anayesifiwa lazima ajulikane katoka kwa nani. Ndani ya wino huu mna nitrati ya fedha, yaani fedha ile ile ya vikuku na pete, imetiwa dawa ikawa maji. Ikigusa kidole hukutana na chumvi ya jasho, ikipigwa na mwanga hugeuka nyeusi, na hapo imeshaoana na ngozi. Talaka yake ni mpaka ngozi yenyewe ibambuke. Wahindi ndio walioanza kuutumia kwenye uchaguzi mkuu wa 1962, na hadi leo unapikwa Mysore, katika kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1937 na Maharaja wa huko kwa ajili ya rangi na lakiri. Tazama basi utukufu wa asili yake: mfalme aliyekalia kiti cha urithi, asiyepigiwa kura hata moja maishani mwake, ndiye aliyetuachia mlinzi wa kura zetu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Siku ya uchaguzi chanda chochote huvikwa fedha, chema kwa kibaya, na bure.

Kazi yake ni moja tu: mtu asipige kura mara mbili. Hebu litazame wazo hilo lilivyo la heshima. Katika uchaguzi kuna wasimamizi, makarani, mawakala wa vyama, polisi, magari yanayobeba masanduku usiku, kompyuta za kujumlishia, na mwenyekiti wa tume mwenye kauli ya mwisho. Katika umati wote huo, aliyeonekana wa kuogopwa, hata ikabidi atiwe alama kama mbuzi wa mnadani, ni mama muuza vitumbua aliyetoka kwake saa kumi alfajiri kuwahi foleni. Wengine wote hutoka na mikono misafi. Sijapata kusikia nchi ambayo mwenye kujumlisha naye huchovya kidole, ili ijulikane kwamba ameshajumlisha na asirudie.

Wala wino haukosi ndugu. Unaye wa kambo, mweupe, na Malawi wanamjua vizuri. Mei 2019 walipiga kura ya urais, na fomu za matokeo zikaonekana zimepakwa Tipp-Ex, ile rangi ya makarani ya kufunikia makosa. Watu wakaandamana miezi na miezi. Tarehe 3 Februari 2020 Mahakama ya Katiba ikaubatilisha ushindi wa Peter Mutharika, na uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni akashinda Lazarus Chakwera. Ndugu hawa wawili wamegawana kazi kwa adabu: mweusi hushughulika na vidole, mweupe hushughulika na tarakimu. Kidole kikishapakwa hakibadiliki. Tarakimu zina bahati yake nyingine.

Ushuhuda wa wino haujawahi kuyumba. Kenya walichovya vidole tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi, na jioni ile ile akaapishwa. Siku chache baadaye waandishi wa habari walimuuliza mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, kama kweli Kibaki alishinda, naye akajibu kwamba hajui. Ghasia zikaua watu zaidi ya 1,100. Ungekwenda kwenye kambi yoyote ya waliokimbia makwao ungekuta vidole bado vyeusi, na kila kimoja kinasema bila kusita: huyu alikwenda, akapiga. Alimpigia nani, wino haukuulizwa. Na walioulizwa ndio hao hawakujua.

Zimbabwe ulipanda cheo. Mwaka 2008 walipiga kura tarehe 29 Machi, na matokeo ya urais yakatoka tarehe 2 Mei, wino wenyewe umeshachoka kusubiri na kuanza kuhama ngozi. Ikaitishwa duru ya pili, 27 Juni. Morgan Tsvangirai akajitoa siku tano kabla, kwa kuwa wafuasi wake walikuwa wakipigwa na kuuawa, na Robert Mugabe akawa anashindana na hewa. Hapo wino ukawa cheti cha kutembelea. Asiye na alama alikuwa na maelezo ya kutoa kwa vijana wenye marungu, kwa hiyo wapo waliokwenda kituoni kuutafuta wino, kura wakaitumbukiza kwa kuwa ndiyo nauli yake.

Na Herat, Afghanistan, Juni 2014, Taliban waliwakata wazee 11 vidole vyenye wino. Hapo ulimi wangu wa kusifu unapata kigugumizi, niruhusuni nipite.

Nirudi nyumbani Unguja, kwa shangazi yangu, mtu wa Ng'ambo, ambaye ndiye aliyenifundisha kuuheshimu wino. Alipiga kura Jumapili ya 25 Oktoba 2015, na Ijumaa yake alikuwa na harusi ya mjukuu. Bibi wa bwana harusi hawezi kupokea wageni na kidole kama cha fundi baiskeli. Akaanza Jumatatu kwa ndimu na chumvi. Haikusaidia, akaleta majivu. Jumanne akatia jiki, halafu mafuta ya taa, mpaka kidole kikachubuka kikavimba, na wino umekaa palepale, mweusi, mtulivu.

Jumatano alikuwa barazani na kipande cha ndimu, redio iko dirishani, ndipo ikatangazwa kwamba mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, ameufuta uchaguzi wote. Shangazi akaacha kusugua. Akakitazama kidole, akaitazama redio, akaniuliza kwa nia safi kabisa, maana shida yake ilikuwa ya kweli:

"Baba, wao wametumia nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Jambo lenyewe lilikuwa gumu zaidi ya hapo, kwani siku ile Wazanzibari walipiga kura za aina mbili: ya Zanzibar na ya Muungano. Ya Muungano ilisimama, na kesho yake John Magufuli akatangazwa mshindi. Kwa hiyo mkono mmoja wa shangazi, asubuhi moja, safari moja ya kwenda na kurudi, ulikuwa umepiga kura na haukuwa umepiga kura. Wanafiqhi wangeweza kukaa darsa mwezi mzima juu ya kidole kile. Wino haukujiingiza. Haukupokea taarifa ya tume na haukuanza kufifia kwa ajili ya mtu yeyote.

Harusini mpambaji akaufunika kwa piko, akachora na vidole vingine vifanane, na wageni wakayasifia maua. Piko ikatoka baada ya wiki mbili, wino wa ngozi nao ukabambuka, lakini wa kwenye ukucha ulibaki, ukisukumwa mbele taratibu kila ukucha ulipoota. Novemba ulikuwa karibu na nyama. Mwaka mpya ulifika katikati. Marudio yalipofika, 20 Machi 2016, wino wa Oktoba ulikuwa umefika ukingoni, umebaki kama mwezi mwandamo.

Siku ya marudio chama cha shangazi kilisusia, naye hakutoka. Nilimkuta uani, kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mkasi mkononi. Alikata kucha za mkono mzima, akakiacha kidole kile mpaka mwisho. Kisha akazikusanya zote kwenye karatasi, ile nyeusi juu, akachimba kishimo chini ya mkomamanga akazizika, kama wafanyavyo watu wazima wasiopenda kucha zao ziokotwe na mtu wasiyemjua.