Sensa Chini ya Mwembe

Sensa ya krenki ni kidubwana cha sumaku kinachoiarifu kompyuta ya gari injini inazungukaje; kikifa, gari hukataa kuwaka. (Isichanganywe na sensa ya watu ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania bila spana.) Katika mitaa ya Dunda, Bagamoyo, sensa ya krenki hubadilishwa uani, chini ya mwembe: tamino hasi ya betri hufunguliwa, soketi huchomolewa, kisha bolti moja hulegezwa, aghalabu kwa spana namba 10, ambayo ndiyo hupotea. Washauri watano husimama. Mwenye gari hushika tochi. Mara nyingi sensa ni nzima, kilichooza ni pini za soketi, zimeota ukijani kwa upepo wa chumvi. Husuguliwa kwa mswaki mkavu, gari likawaka. Sensa mpya iliyokwisha kununuliwa Kariakoo hairudishwi dukani: imeshaingia grisi.