Sifa Zake Garasa

Unguja kila kitu kina msifiaji wake. Karafuu inasifiwa, marashi yanasifiwa, na milango ya Mji Mkongwe imepigwa picha mpaka misumari yake imechoka. Garasa peke yake halina mtu. Basi leo nalisimamia mimi, na anayetaka kucheka acheke.

Garasa ni karata isiyo na pointi: mbili, tatu, nne, tano na sita, iwe ya shupaza, ya kopa, ya uru au ya pau. Katika mchezo wa wahedu-sitini, nane, tisa na kumi huwekwa kando, zikabaki karata 40. Ree ina pointi 11, seti 10, mzungu wa nne 4, wa tatu 3, wa pili 2. Jumla 120; mwenye kufikisha 61 kashinda. Sasa hesabu zile zilizobaki mikono mitupu: 20 kamili, nusu ya jozi nzima. Wengi wape, tunaambiwa, na hawa wengi hawakupewa hata sifuri ya heshima.

Juu ya unyonge huo wamebebeshwa na masingizio. Mtu kaenda kuposa karudishwa na posa yake, utasikia kalamba garasa. Kagombea uwakilishi kaanguka, kalamba garasa. Garasa lenyewe siku hiyo lilikuwa limelala ndani ya mkoba wa karata, halijui posa wala kura.

Tazama badala yake maisha ya mwenye ree. Kaishika kama aliyebeba dhahabu sokoni Darajani: kila anayempita anamdhania mwizi. Akiitoa mapema italiwa kwa turufu. Akiichelewesha, huenda ikamfia mkononi. Mwenye garasa hana hofu hiyo. Analitupa huku anakunywa kahawa. Likiliwa, aliyekula kashiba upepo.

Na huo ufalme wa karata wenyewe tuuangalie vizuri. Mzungu wa nne na taji lake lote ana pointi 4, wakati seti, karata isiyo hata na sura ya mtu, ina 10. Na nje ya karata ufalme haudumu vilevile: Wareno walioacha pwani hii majina ya kopa, uru na shupaza walitolewa na Waomani, Mombasa ikianguka mwaka 1698, na palipokuwa na kanisa lao hapa Unguja pakajengwa Ngome Kongwe. Sultan Barghash akajenga Beit el Ajaib mwaka 1883. Mwaka 2020 upande wake mmoja ukaporomoka. Masultani nao wakaondoka mwaka 1964. Garasa halijapinduliwa na mtu, kwa kuwa hakuna cha kulipindulia.

Haya yote nilikuwa nimeyasahau. Kwa miaka karata zangu zilikuwa za kwenye simu, na kwenye simu garasa ni kitu dhalili kweli: unaligusa kwa kidole, linateleza, limekwisha. Mpaka sahibu yangu aliyehamia Maskati aliporudi likizo, tukakaa baada ya Isha kwenye baraza moja Sokomuhogo, wawili tu, mkeka katikati, karata tatu tatu mkononi na turufu imefunuliwa chini ya rundo. Hapo nikakumbuka garasa liliumbiwa nini. Bwana yule ana garasa tupu mkononi, lakini analiinua mpaka juu ya kofia, analishusha kwa kishindo, bilauri za kahawa zinaruka, na macho ananikazia mimi! Nikaingiwa na wasiwasi nikaila tatu yake ya uru kwa seti ya turufu. Pointi 10 zangu zilikuwa zangu tangu mwanzo. Nilichopata kwake ni hewa, na turufu yangu nzito imekwenda. Hakuna simu inayoweza kumtapeli mtu namna hiyo.

Zamu yangu ilikuja rundo lilipokwisha. Turufu ni pau. Sahibu kahesabu, karidhika kwamba turufu zote zimeshatoka, akaiweka ree ya kopa taratibu, kama anayemlaza mtoto. Nikamtolea mbili ya pau.

"Yakhe, hiyo umeitoa wapi?"

"Ilikuwepo tu. Hukuiuliza."

Mbili! Karata ya mwisho kwa daraja, isiyoweza kununua hata kashata, imeondoka na pointi 11 za watu. Alizihesabu upya karata zote zilizoliwa, moja moja, akitafuta haki. Muuza kahawa akasimama kuangalia, na wapita njia wawili wakatoa hukumu bila ya kuombwa.

Usiku ule ule, kwa uchungu wa kumbukumbu hiyo, sahibu alipendekeza kila garasa lipewe pointi moja, lihesabike kama wenzake lisije likamvizia mtu tena. Pendekezo lilizungushwa barazani kwa dhati. Mzee mmoja akapiga hesabu kwa vidole: magarasa 20, jumla itapanda iwe 140, na mshindi atatakiwa afikishe 71. Basi mchezo itabidi uitwe wahedu-sabini, na yeye kwa umri wake hayuko tayari kujifunza mchezo mpya. Pendekezo likaanguka. Sahibu akalambishwa garasa, nikamwambia achange upya.